Shemeji Aliyejinyima Nyumba

Kinyozi wa mtaa wetu, ambaye ni shemeji yangu mdogo, hukisimulia kisa hiki kwa namna inayowafanya wateja watikisike kitini hadi wembe ukae pabaya. Mimi nimeishi katika ukoo huu miaka thelathini na minane, tisa kati ya hiyo nikiwa mjane, na sikubali habari zetu zijulikane kwa jinsi zinavyosimuliwa penye mkasi. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Kama bado itachekesha, kosa si langu.

Mwenye kisa ni shemeji yangu wa kati, anayemfuata marehemu mume wangu. Watu wote humwita Masjala. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji: barua ikiingia ilipita kwake, ikitoka ilipita kwake, na haikuwahi kupotea hata moja. Analisema hilo mwenyewe mara kwa mara, lakini pia ni kweli. Ni mwembamba, amenyooka kama rula, na mfuko wa shati lake una kalamu tatu: ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kukatalia, na nyeusi ambayo sijawahi kuona akiitumia. Hakuoa. Zamani alipeleka posa kwa maandishi, akasubiri jibu la maandishi, na binti wa watu akajibu kwa mdomo kwamba amekubali. Masjala aliona hapo hakuna kumbukumbu, akaendelea kusubiri. Yule binti sasa ana wajukuu.

Baba mkwe alipofariki mwaka juzi aliacha wasia wa ukurasa mmoja. Nyumba igawanywe mafungu manne sawa kwa sawa: la wifi yangu, yaani dada yao mkubwa, la Masjala, la kinyozi, na la mume wangu, ambalo mzee aliliandika kwangu na wanangu kwa kuwa mwenyewe alikwisha tangulia. Msimamizi wa mirathi awe Masjala, "kwa sababu hapotezi karatasi". Mzee hakuwa mtu wa kusifu watoto. Masjala alikitolea kipande hicho nakala sita.

Nyumba yenyewe si kasri. Ina vyumba vitano, baraza ndefu inayotazama barabara, ua wenye bomba, na jiko la nje ambalo paa lake linavuja. Lakini Masjala alizaliwa katika chumba cha pembeni, akalala humo miaka sitini na minne, akamuuguza baba yake katika chumba kinachofuata, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda hapa duniani. Sisi wengine tulikuwa na kwetu. Yeye kwao palikuwa hapo tu.

Wifi yangu hushona mapazia, na alitaka fungu lake. "Nina umri wa miaka sabini," alisema. "Sitaki kurithiwa kabla sijarithi." Hakuna aliyeweza kumlaumu. Mthamini akaja na karatasi zake, akagongagonga kuta, akasema nyumba ni milioni themanini. Siku tatu baadaye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona akatuma salamu kwamba yeye anatoa themanini hizo hizo, taslimu. Alitaka kuivunja nyumba ajenge ghala la saruji. Akaanza kupita barazani kila asubuhi akiipima kwa hatua, midomo ikihesabu.

Wifi akatangaza uamuzi wake mbele yetu sote. "Mwezi ukiisha Masjala amelipa, nyumba yake. Mwezi ukiisha hajalipa, nampa mwenye saruji, na Masjala nitamtandikia godoro nyuma ya cherehani."

Jambo lilikuwa jepesi. Masjala alikuwa na kiinua mgongo chake, hakukigusa tangu alipostaafu. Fungu moja lilikuwa lake tayari, kwa hiyo alihitaji milioni sitini tu za mafungu matatu, na alikuwa nazo na chenji juu. Mtu mwingine angelipa Jumatatu, na Jumanne akapaka rangi milango. Lakini Masjala aligundua kwamba mnunuzi ni yeye, na muuzaji, kwa kuwa ni msimamizi wa mirathi, ni yeye pia. Hapo akakosa raha.

"Msimamizi hawezi kumpendelea mtu," aliniambia.

"Shemeji, huyo mtu ni wewe."

"Ndiyo sababu lazima niwe mwangalifu naye."

Akafungua jalada. Akaketi jikoni kwenye kigoda, akiwa na shati bila koti, na akaandika kwa kalamu ya bluu: "Ndugu Msimamizi, naomba kununua mafungu matatu yasiyo yangu, kwa kuhesabu nyumba nzima kuwa milioni sabini, kwa kuzingatia kwamba paa la jiko linavuja." Akaitia barua katika bahasha, akaibandika stempu, akaenda nayo posta, akaitumbukiza. Siku nne baadaye akaitoa katika sanduku lake mwenyewe la barua, akarudi nyumbani, akavaa koti, akaketi kwenye meza ya baba yake sebuleni, akaifungua.

Majibu ya Msimamizi yalikuwa ya kalamu nyekundu. "Ndugu Mnunuzi, barua yako imepokelewa. Ofisi hii haina taarifa yoyote ya paa kuvuja. Aidha, bei uliyotaja ni dharau kwa warithi."

Mnunuzi alijibu siku hiyo hiyo, kwa mkono, kwa kuwa barua ya ubishi haihitaji stempu. "Ndugu Msimamizi, paa linavuja. Ndoo niliitega mwenyewe, na wewe ulikuwepo."

"Ndugu Mnunuzi, ukiendelea kutumia lugha hiyo, ofisi hii italazimika kutafuta mnunuzi mwingine."

Barua zote hizi nimezisoma, kwa sababu kila moja ilikuwa na nakala kwa warithi. Mimi nakala zangu nilizifungia kabatini. Wifi nakala zake alizikatia vipimo vya mapazia. Kinyozi zake alizibandika kando ya kioo, na ndani ya wiki moja wateja wake walikuwa wamegawanyika pande mbili, wa Msimamizi na wa Mnunuzi, na kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kunyolewa mara mbili kwa wiki ingawa kichwani hana kitu, ili tu asipitwe.

Niliposikia hayo nilifunga kitambaa changu nikaenda kwa Masjala asubuhi, na mkate mkononi. Nilimkuta ameinama juu ya kikombe cha chai kilichopoa.

"Karibu shemeji," alisema. "Mimi leo sili. Msimamizi ameniandikia maneno makali."

"Msimamizi yupi?"

"Tunaye mmoja tu."

"Si ni wewe?"

"Ndiyo mimi, lakini alikuwa kazini."

Nilikata mkate, nikampa kipande, nikamwambia kwa upole kwamba jina la baba yake liko ukutani kwa kinyozi, kati ya tangazo la dawa ya mba na bei ya kunyoa ndevu. Hilo lilimgusa. Akakubali kwamba mjadala umekuwa mrefu. Akaahidi kwamba Mnunuzi atakubali themanini kama mthamini alivyosema, na akasema Msimamizi amempa siku saba za kukubali kwa maandishi, mwisho Alhamisi.

"Basi andika sasa hivi," nilimwambia. "Nitasubiri."

Akaandika. Nilimwona akiandika, nikaisoma, ilikuwa barua nzuri. Nikaondoka nikiwa nimetua mzigo. Hapo ndipo nilipokosea, kwa maana sikukaa kuona anaipeleka wapi. Kutoka kigodani hadi mezani ni hatua tisa. Masjala aliipeleka posta, kwa kuwa barua ya kukubali ikipewa mkononi haina muhuri wa tarehe.

Ilifika Ijumaa.

Kinyozi ndiye aliyeniletea habari, mbio, taulo la mteja bado begani. "Shemeji, kaka amejikatalia."

"Amefanyaje?"

"Amejikatalia nyumba. Amejiandikia kwamba amechelewa siku moja, na maombi yamefungwa. Kule dukani kwangu upande wa Mnunuzi wanataka kukata rufaa."

Tulikwenda wote, na wifi tukampitia njiani. Masjala alikuwa kwenye meza ya baba yake, koti mwilini, macho mekundu. Sikuwa na shaka kwamba alikuwa amelia.

"Sasa wewe," wifi alimwanza kabla hajaketi, "barua umeandika wewe, umetuma wewe, umepokea wewe. Nani kakuchelewesha?"

"Hakuna, dada. Ndiyo maana sina wa kumlaumu."

"Pokea hiyo barua."

"Dada, kama ningempokelea mtu mwingine aliyechelewa, ungesema nini?"

"Ningesema umekula rushwa."

"Umeona?"

Wifi akasema mwezi umebaki siku kumi na mbili, yeye hana ugomvi na mtu, na mwenye saruji anapatikana dukani kwake tangu saa mbili asubuhi. Masjala alitazama mlango wa chumba chake cha pembeni, akautazama sana, halafu akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

Jumatatu ilikuwa siku ya kutoa taarifa ya mirathi mahakamani. Tulikwenda wote wanne tukiwa tumevaa vizuri, nilihakikisha. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Alilifungua jalada la Masjala, akaona lilivyo na vitenganishi vya rangi na orodha ya yaliyomo, na nilimwona akilainika kidogo.

"Nyumba imeuzwa?" aliuliza.

"Bado, mheshimiwa," Masjala alisema.

"Kuna mnunuzi?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Na muuzaji?"

"Ni mimi pia, mheshimiwa, lakini bado hatujaelewana."

Karani wa mahakama alizuia kicheko kwa kukohoa. Hakimu alivaa miwani yake. "Tatizo ni nini hasa?"

"Mnunuzi alichelewa kujibu."

"Kwa nini alichelewa?"

"Anasema ni posta."

"Na wewe unamwamini?"

Masjala alifikiri kwa haki kabisa. "Ni mtu mkweli, mheshimiwa. Lakini muda ni muda."

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na kitambaa changu. Kinyozi alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Lakini hakimu hakucheka. Alisoma zile barua moja baada ya moja, ya bluu kisha nyekundu, bluu kisha nyekundu, na mahakama nzima ikangoja. Alipomaliza aliuliza, "Mzee, hakuna aliyekulazimisha kufanya hivi?"

"Hakuna."

"Wanakuja hapa wasimamizi waliojiuzia mashamba ya yatima kwa bei ya mbuzi, na hawakuandika hata mstari mmoja. Wewe umejiandikia barua kumi na moja za kujikatalia." Akalifunga jalada. "Woga wako ni wa heshima, ila umezidi. Sheria haikukatazi kununua. Inataka warithi wote waridhie kwa maandishi, na bei isimamiwe na mrithi mwingine asiye wewe. Chagueni mmoja hapa hapa. Mkikubaliana, nileteeni karatasi kabla ya mwezi kuisha."

"Huyu," wifi na kinyozi walisema kwa pamoja, na wote wawili walikuwa wananinyooshea mimi kidole.

"Kwa nini huyu?" hakimu aliuliza.

"Alikuwa mwalimu mkuu," kinyozi alisema. "Mimi ni shemeji yake wa damu, lakini chenji yake huihesabu mbele yangu."

Niliwaandikia barua ya ridhaa kwa mkono wangu, wakatia sahihi. Tulipanga kukutana Jumamosi saa nne asubuhi pale pale kwenye nyumba. Mambo yote yalikuwa yameshakubalika: bei ni themanini, fedha ipo, mnunuzi anaitaka nyumba kuliko kitu chochote. Nilidhani nitakaa dakika kumi. Niliacha maharage jikoni kwangu.

Jumamosi niliketi kwenye meza ya baba mkwe, wifi na kinyozi kwenye kochi. Masjala hakuwepo. Kisha mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi."

"Masjala, ingia, ni kwako," wifi alisema.

Akaingia. Hakuwa na koti, wala kalamu hata moja mfukoni. Tangu nimjue sikuwahi kuuona mfuko ule mtupu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa samaki asiyemwamini.

"Nimesikia mnauza nyumba," alisema.

"Shemeji, kaa tuandikiane," nilimwambia.

"Siketi kwanza. Niione."

Akatoka sebuleni, akazunguka chumba kimoja baada ya kingine. Tulisikia akigonga kuta, akifungua na kufunga madirisha, akivuta pumzi kwa masikitiko. Alirudi akitikisa kichwa.

"Ukuta wa huko ndani unaumwa," alisema. "Nani alikuwa anaishi kile chumba cha pembeni? Amekichakaza vibaya. Hamsini."

"Hamsini nini?"

"Milioni. Nyumba nzima."

"Wiki iliyopita uliandika themanini."

"Hiyo ilikuwa kwa yule Msimamizi wa kwanza. Alikuwa mkali mno, alinitisha."

Kinyozi alianza kuteleza kwenye kochi. Wifi aliuma ncha ya mtandio wake. Mimi nilielewa nilichokuwa nakiona. Kwa wiki zote hizo za barua, mtu huyu alikuwa amejikaba koo pande zote mbili, na sasa upande mmoja umetolewa mkono. Mnunuzi alikuwa huru kwa mara ya kwanza.

"Themanini," nilisema.

"Hamsini na mbili, kwa kuwa nakuheshimu."

"Themanini, shemeji."

"Hata chai hamjanikaribisha. Hamsini na tano."

"Chai iko jikoni kwako."

"Wifi," dada yake aliniambia, "usimlegezee hata kidogo. Nina mashine ya kununua."

"Na mimi nina kiti cha wateja," kinyozi alisema kutoka sakafuni.

Niseme ukweli: nilitaka kumlegezea. Ningeweza kusema sabini na tano, na wanangu wasingekufa njaa. Lakini nilikuwa nimetiliwa sahihi mbele ya hakimu ili nilinde bei. Ningepunguza senti moja, mtaa ungesema mjane kala njama na shemejiye, na yale aliyoyaogopa Masjala kwa barua kumi na moja ningeyatimiza mimi kwa neno moja. Nikafunika kalamu yangu.

"Themanini."

"Basi," Masjala alisema, "nitatafuta nyumba nyingine."

Na akatoka. Alitoka kama watu wanavyotoka kwenye kibanda cha vitambaa sokoni, polepole, bega limegeuka kidogo ili amsikie muuzaji akimwita. Alivuka mlango, akavuka baraza, akashuka ngazi mbili, akafika barabarani na kandambili zake, akasimama akijifanya anatazama mbingu. Sikumwita. Kinyozi alinionyesha kwa ishara nimwite. Sikumwita.

Wakati huo huo mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anapita. Safari hii hakuja na hatua, alikuja na futikamba.

"Oo, mzee," tulimsikia dirishani. "Naona umeshatoka. Wamekutoa vizuri?"

Masjala aliacha kutazama mbingu.

"Ni busara. Ukizeeka, chumba kimoja kinatosha. Hivyo vitu vyako utaviondoa lini? Nina lori la mifuko mia nne linakuja Jumatano." Akatia ncha ya futikamba kwenye nguzo ya baraza, akaivuta ukutani hadi dirisha la chumba cha pembeni. "Hiki nitaanza nacho. Hakina msingi wa maana."

Sebuleni hakuna aliyecheka. Wifi aliutoa mtandio mdomoni.

Kinyozi husema kwamba kaka yake alirudi mbio. Hakukimbia. Alitembea upesi, akaacha kandambili moja kwenye ngazi, akasimama mbele ya meza.

"Themanini," alisema. "Andika."

"Una uhakika, shemeji?"

"Andika, shemeji yangu, andika. Nilizaliwa mle."

Nikaandika. Sahihi yake ikatoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, akaomba radhi kwa hilo. Aliniomba niongeze na saa, nikaongeza: saa nne na dakika thelathini na tano asubuhi. Wifi akatia sahihi, kinyozi akatia, mimi nikatia mara mbili, kwa fungu letu na kwa usimamizi. Kisha wifi alikwenda dirishani, akalisukuma wazi, akamwambia mwenye duka kwa sauti yake yote ya kupimia mapazia kwamba nguzo ile ina mwenyewe, na mwenyewe yuko ndani ameketi, na kama futikamba haitaondoka yeye anayo mikasi.

Ikaondoka.

Hakimu aligonga muhuri siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Kila mmoja wetu alipata milioni ishirini zake benki, kamili, na Masjala akapata hati yenye jina lake peke yake. Aliibeba nyumbani kifuani kwa mikono miwili. Hilo pia husimuliwa vibaya kwa kinyozi. Hakuibusu. Aliisoma tu akiwa ameiweka karibu na uso.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumpongeza rasmi. Tulikuwa tumeketi barazani, hati iko mapajani mwake, wifi alipotokea na kapu la mapazia ya kufua. Hakubisha hodi. Alipanda ngazi kama alivyozipanda tangu anajifunza kutembea, akaelekea uani kwenye bomba.

Masjala alisimama mlangoni, akanyooka zaidi ya kawaida yake.

"Dada," alisema, "nyumba hii sasa ni yangu."

"Nani amebisha?" wifi alisema. "Sogea nipite."

Akasogea.